Mazishi Nairobi: anza na tarehe, halafu mochari

Kinachokula pesa za mazishi Nairobi kuliko jeneza ni siku. Mwili ukiwa mochari bili inaongezeka kila kukicha, nyumbani chai na mkate wa waombolezaji vinanunuliwa kila jioni, na wanaokuja mikutanoni wanalipa nauli huku wakiombwa mchango. Tuchukue mochari inayotoza shilingi 2,000 kwa siku. Ukizika siku ya sita ni 12,000. Ukizika siku ya kumi na nne ni 28,000, na hapo dawa ya kuhifadhi mwili, kuosha na gari bado havijahesabiwa. Uliza pia siku zinahesabiwaje: kuna mochari zinazotoza siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili, hata kama mwili uliingia saa nne usiku.

Kwa hiyo jioni ya kwanza, kabla ya kuunda kamati ya watu ishirini, watu watatu au wanne wakae chini: mjane au mtoto mkubwa, mzee mmoja wa ukoo, na yule atakayeshika pesa. Waamue mambo matatu tu. Atazikwa wapi, atazikwa lini, na nani atatia sahihi. Hilo la tatu hupuuzwa, kisha siku ya kuchukua mwili binamu wawili wanafika dirishani, kila mmoja na karatasi yake. Andikisha jina moja mochari, na la pili la akiba, basi.

Tarehe ichaguliwe kwa kufuata mila na njia. Familia nyingi za Mlima Kenya huzika hata katikati ya wiki, mwili ukitoka mochari asubuhi na kuzikwa siku hiyo hiyo. Magharibi mwa nchi mwili mara nyingi hulala nyumbani usiku mmoja na mazishi huwa Jumamosi, maana yake utoke Nairobi Ijumaa asubuhi, na karatasi zote ziwe zimekamilika Alhamisi. Jumamosi pia ndiyo siku ambayo kila mtu anataka gari, hema na mhubiri. Kama mila inaruhusu Alhamisi, zika Alhamisi.

Saa za kwanza

Aliyefariki hospitalini hana mzunguko mrefu. Daktari anajaza fomu ya taarifa ya kifo, ile inayoitwa D1, akiandika chanzo cha kifo, na kwa fomu hiyo mnapata kibali cha mazishi. Isome kabla ya kuondoka dirishani. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, pamoja na nambari ya kitambulisho, umri na tarehe. Kosa dogo hapo litaingia kwenye cheti cha kifo, kisha liwafuate benki, kazini kwa marehemu na mahakamani, na kulirekebisha baadaye ni kazi ya miezi. Kitambulisho chenyewe husalimishwa wakati wa kuandikisha kifo, kwa hiyo toa nakala tano au sita kwanza. Watu huikumbuka nakala wakati kitambulisho kimeshakwenda.

Bili ya hospitali ikiwa kubwa, usikae ukingoja harambee. Mahakama Kuu imeamua zaidi ya mara moja kwamba maiti si dhamana ya deni, lakini familia inayotegemea hoja hiyo pekee itahitaji wakili na muda, na muda ndio unaolipiwa. Nenda siku ile ile kwa ofisi ya mikopo au ya ustawi wa jamii hapo hospitalini, mkubaliane kwa maandishi malipo ya awamu, na mdhamini awe mtu anayejua anachokitia sahihi.

Kifo cha nyumbani kina njia mbili. Kama marehemu alikuwa mgonjwa anayejulikana, kusanya faili na karatasi za kliniki, mjulishe naibu wa chifu wa eneo, naye ndiye anayejaza fomu ya vifo vya nje ya hospitali, D2. Kama kifo ni cha ghafla, cha kuanguka, cha kipigo, au hakieleweki, polisi kwanza. Usimwoshe, usimbadilishe nguo, usiondoe vidonge mezani. Chukua kituoni nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, kwa sababu mochari yoyote ya heshima itaiuliza kabla ya kupokea mwili. Na kwa wanaoishi ghorofani: gari la wagonjwa mara nyingi halichukui aliyekwisha kufa, kwa hiyo piga simu moja kwa moja kwa mwenye gari la maiti, umwambie ni ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti inayoingiza machela. Bila hivyo atakuja na mtu mmoja, na ngazi ziwashinde.

Hapa kuna jambo la kuandikwa kwa kalamu nzito. Kama kuna shaka yoyote kuhusu chanzo cha kifo, mwili usitiwe dawa kabla ya upasuaji wa maiti. Formalini ikishapita kwenye mishipa, vipimo vya sumu na pombe haviaminiki tena. Usimwambie mhudumu kwa mdomo tu. Andika kwenye fomu ya kupokea mwili: “Asitiwe dawa hadi upasuaji ufanyike.” Familia inaweza pia kuomba daktari wake ahudhurie upasuaji pamoja na yule wa serikali. Gharama yake ni yenu, lakini ni rahisi kuliko kuomba kaburi lifukuliwe.

Mochari ipi

Mji una aina tatu. Kuna za hospitali za umma, kama Kenyatta, Mbagathi, Mama Lucy na ile ya hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kuna ya kaunti, karibu na makutano ya Barabara ya Ngong na Mbagathi Way, ambayo kwa jina rasmi ni Nairobi Funeral Home ingawa kila dereva bado anaijua kama City Mortuary. Huko ndiko miili mingi ya kesi za polisi hupelekwa. Kisha kuna za binafsi, kama Lee kwenye Barabara ya Argwings Kodhek, au Montezuma. Chiromo, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni ya chuo lakini hupokea miili ya familia.

Watu huchagua kwa jina. Afadhali uchague kwa barabara utakayotokea. Mnaokwenda Nakuru, Kisumu au Kakamega mtashika Waiyaki Way. Mkiweka mwili upande wa Kahawa, Ijumaa mtauvuka mji mzima na msafara kabla hata ya kuianza safari. Mnaokwenda Murang'a, Nyeri, Embu au Meru, upande huo wa Barabara ya Thika ndio unaowafaa. Ukambani na Pwani, hesabu msongamano wa Barabara ya Mombasa.

Kama mwili tayari uko mochari ya hospitali na mazishi ni ndani ya siku nne au tano, uache hapo. Kuuhamisha ni gari lingine, ada nyingine ya kupokelewa, na bili ya kwanza inayotakiwa kulipwa yote siku hiyo. Kuhama kuna maana pale hospitali haina nafasi kwenye jokofu, au mnangoja mtu kutoka ng'ambo, au mnataka ukumbi wa kutazama mwili na ibada fupi.

Nenda mwenyewe ukaone, usimtume kijana. Uliza: mwili unalala kwenye jokofu au unategemea dawa tu? Umeme ukipotea kuna jenereta? Lebo inafungwa wapi? Jibu zuri ni mahali pawili, mkononi na mguuni, na nambari iwe ile ile ya daftarini. Nikija na jeneza langu na gari langu kutoka nje, kuna ada? Kuna mochari za bei ya chini langoni ambazo hurudisha faida yake hapo. Omba bei kwa maandishi, kila kitu na mstari wake: kupokea, kuhifadhi kwa siku, dawa, kuosha na kuvisha, ukumbi, gari, mashine ya kushushia jeneza. “Huduma kamili” isiyo na mstari ni karatasi ya kubishania baadaye.

Pete, mkufu, meno ya bandia na saa viondolewe mbele yenu siku ya kuingia na viandikwe kwenye orodha yenye sahihi mbili. Mhudumu akitaka “chai” ili akuharakishie, mwombe risiti. Anayestahili atakupa. Asante yake apewe mwishoni, mbele ya watu.

Kuhusu dawa yenyewe, ni vizuri kujua inavyofanya kazi ili usishtuke. Mhudumu hufungua mshipa mkubwa shingoni au kwenye paja, anasukuma mchanganyiko wa formalini na kutoa damu upande wa pili. Ikifanywa mapema, mwili unakaa wiki kadhaa kwa hali nzuri. Ikicheleweshwa siku mbili tatu bila jokofu, dawa haifiki kila mahali na sehemu zingine zinaharibika hata kama umelipa kikamilifu. Marehemu aliyekuwa na manjano kwa ugonjwa wa ini anaweza kugeuka kijani usoni baada ya formalini, kwa sababu ile rangi ya nyongo mwilini inabadilika. Mwambie mhudumu mapema kwamba alikuwa na manjano, apunguze nguvu ya mchanganyiko na ajiandae kwa vipodozi. Halafu amueni, kabla ya siku yenyewe, kama jeneza litafunguliwa au la.

Nguo zipelekwe siku moja kabla, kwenye mfuko wenye jina na nambari ya mwili: nguo za ndani, soksi, nguo yenye mikono mirefu na kola ya kufunika shingo. Suti na gauni hupasuliwa mgongoni ili ziingie, kwa hiyo usipeleke ile ambayo mtu anatamani kurudishiwa. Siku ya kuchukua, watu wawili wa familia waingie, watazame uso na pia wasome lebo, kabla ya jeneza kufungwa. Uso peke yake haitoshi. Kifo hubadilisha sura, na familia zilizochoka huitikia haraka.

Jeneza, gari na kaburi

Mafundi wa majeneza wamejaa karibu na City Mortuary na kando ya Barabara ya Ngong, na bei zao hushuka ukifika asubuhi ukiwa na vipimo mkononi. Pima mwili mochari, usikisie: urefu wa kichwa hadi kisigino uongeze sentimita 10, upana wa mabega uongeze sentimita 5. Mwili mzito hupanuka viwiko, si mabega, kwa hiyo pima vyote viwili. MDF, ile mbao ya unga uliobanwa, ikipakwa rangi inapendeza kwenye picha lakini hunyonya maji. Mvua ya Aprili ikiikuta juu ya gari, viungo vinavimba. Saiprasi ni mbao ya kawaida na imara. Mahogani ni ya wenye uwezo. Shika vishikio uvivute kwa nguvu pale pale dukani, maana vingi ni vya urembo, na wabebaji wanapaswa kuinua kwa chini.

Mpe mchimba kaburi vipimo vya nje vya jeneza, pamoja na vishikio. Kina ni futi sita. Upana uzidi jeneza kwa sentimita 15 kila upande. Mara nyingi kaburi huchimbwa usiku kwa kukadiria, na saa nane mchana jeneza linakwama katikati mbele ya mama wa marehemu, vijana wanaingia na majembe. Mashine ya kushushia nayo ina fremu yake ya kupimwa.

Lang'ata, makaburi ya umma ya mji, yalitangazwa kujaa miaka mingi iliyopita lakini maziko yanaendelea. Uliza kama kaburi mnalolipia ni la kudumu au la muda. La muda ni rahisi, ila huwezi kulijengea, na kaunti inaweza kulitumia tena. Lipa kwa kaunti upewe risiti yenye nambari ya kaburi, kisha mtu mmoja aende kuliona siku moja kabla.

Kuchoma maiti bado kunawashtua wengi, ingawa Wangari Maathai alichagua hivyo mwaka 2011 pale Kariokor, kwa jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Familia ikikubaliana, ni njia fupi na inaokoa safari. Andikeni idhini ya ndugu wa karibu wote, maana majivu hayarudishwi kuwa mwili kwa amri ya mahakama. Kama marehemu alikuwa na kifaa cha umeme cha kuendesha moyo, kitolewe mochari kwanza, kwa sababu betri yake hulipuka motoni. Jeneza liwe la mbao nyepesi bila chuma. Majivu ya mtu mzima ni kama kilo mbili hadi tatu, kwa hiyo chombo kiwe cha ukubwa huo.

Kwa Waislamu karibu yote yaliyo hapa yanafupishwa: hakuna dawa, hakuna jeneza la kuzikia, sanda vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, na mazishi siku hiyo hiyo ikiwezekana. Kibali bado kinatakiwa. Kamati ya msikiti wa mtaa ndiyo inayojua nani ana ufunguo wa ofisi Jumapili, wapigie kabla ya kumpigia mtu mwingine.

Gari la maiti na mabasi, soma mkataba. Hadi Kisumu ni kama kilomita 350, Mombasa kama 480. Uliza bei ni ya kwenda na kurudi, nani ananunua mafuta, dereva analala wapi, na kama gari la maiti lina nafasi ya jamaa wanne au wawili. Matatu za njia nyingine zinahitaji leseni ya muda ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kutoka nje ya njia zake. Isipokuwapo, msafara wote unangoja kwenye kizuizi cha polisi. Dereva wa gari la maiti awe na kibali cha mazishi halisi, na mtu mwingine awe na nakala.

Pesa

Simu ya mtu mmoja haitoshi. Akaunti ya M-Pesa haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na mchango ukijaa pesa za wanaotuma zinakataliwa, jioni ile ile ambayo watu wamepania kutoa. Fungueni Paybill ya muda, yaani nambari ya M-Pesa ya kupokea malipo, au akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili kati ya watatu, na mweka hazina atume hesabu kwenye kikundi cha WhatsApp kila usiku, iliyoingia na iliyotoka. Bajeti iandikwe kabla ya harambee ya kwanza, na kamati isipandishe bei kwa sababu mchango umezidi. Zidio ni la watoto kusoma.

Kabla ya kuomba mtu, pigia mwajiri wa marehemu, chama chake, kanisa au msikiti, na bima. Wafanyakazi wengi wana bima ya mazishi wasiyoijua, na kampuni nyingi huahidi kulipa ndani ya saa 48 baada ya kupokea kibali na vitambulisho. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo ina ruzuku ya mazishi ya shilingi 10,000 kwa mwanachama anayestahili. Hailipi mazishi, lakini inalipa hema.

Chakula hukadiriwa vibaya kuliko kitu chochote. Kwa watu 300, mchele kilo 30, nyama yenye mifupa kilo 45, na maji ya nusu lita katoni 13 za chupa 24. Kijijini ongeza theluthi moja, kwa kuwa jirani haalikwi. Hema tatu za watu 100 na moja ndogo ya familia, karibu na kaburi lakini upande wa juu, mvua ikinyesha maji yasishukie huko.

Ndugu wakigawanyika

Kesi ya S.M. Otieno, wakili aliyefariki Nairobi Desemba 1986, iliuweka mwili mochari zaidi ya miezi mitano huku mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager wakibishana kama azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong, au Nyalgunga, kwao Siaya. Ukoo ulishinda, akazikwa Siaya Mei 1987. Tangu hapo mahakama zimekuwa zikitazama pia ukaribu wa mjane na matakwa ya marehemu, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia upande. Ukinusa mgogoro, tafuta mzee wa kanisa au chifu akae nanyi ndani ya siku mbili. Amri ya kuzuia mazishi hupatikana haraka kuliko hukumu.

Baada ya maziko

Weka risiti zote kwenye bahasha moja. Sheria ya Mirathi inawataka wasimamizi wa mali walipe gharama za mazishi ya kiasi kutoka kwa mali hiyo, lakini ni za kiasi na zenye ushahidi. Usitoe pesa kwa kadi ya benki ya marehemu, hata kama nambari ya siri unaijua na pesa ni za jeneza. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo hiyo kinaita jambo hilo kuingilia mali ya marehemu, na ni kosa.

Mweka hazina asome hesabu mbele ya familia ndani ya wiki mbili, kisha akaunti ifungwe. Cheti cha kifo kiombwe mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana kifo kisichoandikishwa ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa kimechelewa na kina masharti zaidi. Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa, kwa sababu benki, NSSF, Sacco na mahakama kila mmoja atataka yake. Saruji na marumaru za kaburini zingoje hadi mvua moja nzima ipite na udongo ushuke, la sivyo zitapasuka.